Matangazo ya Jumapili

Hapa Bukavu, watu wawili wakikutana kwa mara ya kwanza, mazungumzo hayaendi mbali kabla mmoja hajamuuliza mwenzake: "Unasali wapi?" Anayeuliza hatafuti kujua mahali unapopiga magoti. Anataka kujua wewe ni wa watu gani, nani watabeba jeneza siku ukifiwa, na harusi yako itafungwa mbele ya nani. Katika kamusi, kusali ni tendo kati ya mtu na Mungu wake. Katika kinywa cha watu wa Kivu kitenzi hicho kimeongeza maana nyingine: kuwa wa kundi fulani na kuhesabiwa humo. Ndiyo maana mtu anaweza kusema "nasali kanisa fulani" hata kama hajaingia humo tangu Pasaka.

Mkatoliki akijibu swali hilo hutaja parokia na shirika lake. Mprotestanti mara nyingi hutanguliza namba. Namba hizo ni alama ya historia. Mwaka 1970 makanisa ya Kiprotestanti ya nchi yetu yaliunganishwa katika chombo kimoja, Kanisa la Kristo, linalojulikana kwa herufi ECC, na kila kanisa lililokuwa tunda la misioni fulani likawa jumuiya yenye namba yake. Wabaptisti wa CBCA ni ya 3, Wapentekoste wa CELPA ni ya 5, wale wa CEPAC ni ya 8. Mwisho wa 1971 serikali ikatoa sheria iliyotambua madhehebu machache tu, na kwa Waprotestanti mlango wa kisheria ukabaki huo mmoja. Namba iliyotoka ofisini ikageuka kitambulisho cha mtaani, na leo hata mtoto wa shule ya msingi anaijua ya kwao.

Ninataka kuandika hapa juu ya kanisa moja la pembezoni mwa mji, lile ninalosali mimi, upande wa Panzi, ambako nyumba za mbao na za matofali zimepanda miteremko bila kungoja ramani. Sitaandika historia ya wachungaji wake, kwa maana imekwisha kuandikwa. Nitaandika juu ya sehemu ya ibada ambayo wengi huitumia kunyoosha miguu, kumtoa mtoto nje au kuangalia simu: matangazo. Hoja yangu ni fupi. Mahubiri hutufundisha na nyimbo hutuinua, lakini kinachotufanya tuwe kanisa moja, watu wanaojuana na kudaiana, ni matangazo. Na kwa kuwa sasa kuna mpango wa kuyaondoa mimbarani, inafaa tujue ni nini kitakachoondoka pamoja nayo.

Kanisa letu ni tawi la mti wa Wapentekoste wa Skandinavia. Wamisionari Waswidi na Wanorwe walifika Kivu tangu 1921, na katika miaka hiyo ya 1920 wakafungua vituo milimani, kama vile Lemera na Kaziba. Walikuja katika koloni ambamo misioni za Kikatoliki ndizo zilizopendelewa. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umewapa Waprotestanti uhuru wa kuhubiri, lakini pesa za serikali kwa ajili ya shule zilikwenda kwa Wakatoliki. Shule za Kiprotestanti zilingoja hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo nazo zikaanza kupewa. Kwa muda mrefu, basi, Uprotestanti wa Kivu ulikuwa jambo la watu wachache wanaojisaidia wenyewe: shule ya miti na udongo, zahanati ndogo, mkutano wa sala nyumbani kwa mtu. Desturi ya kuchangiana tunayojivunia haikutoka katika mafundisho peke yake. Ilitoka katika uhitaji.

Kanisa letu la mahali lilizaliwa katika uhitaji huohuo. Wazee wanasimulia kwamba lilianza sebuleni kwa mjane mmoja, kabla ya vita ya 1996, na familia chache zilizokuwa zimechoka kupanda mlima kila Jumapili kwenda kusali mjini. Sebule ilipojaa, walihamia uani chini ya turubai, ile tunayoiita shitingi. Baadaye wakajenga kwa mbao na mabati, na mwishowe kwa matofali ya kuchoma. Mawe ya msingi yalibebwa vichwani na wamama, siku za Jumamosi, katika salongo. Kila familia ilikuwa na hesabu yake ya mawe, na wale wasiokuwa na nguvu walileta maji ya kunywa. Hayo yote nimeyasikia kwa masikio. Katika kijitabu cha historia ambacho komite ilitoa kwa sikukuu ya kanisa kuna orodha ya wachungaji, majina ya waliotoa mabati na picha ya jengo. Wamama na mawe yao hawamo.

Kwa bahati kuna maandishi mengine. Katibu wetu, mzee mwenye ndevu nyeupe, huandika matangazo ya kila Jumapili katika daftari la shule, kwa kalamu ya buluu, na madaftari yaliyokwisha hayatupi. Nilipokuwa natafuta mada ya kazi yangu ya mwisho wa mwaka nilimwomba anionyeshe. Alicheka kwanza, akaniuliza kama siku hizi chuoni tunasoma barua za watu. Kisha akaleta rundo lake ndani ya mfuko wa unga.

Niliyoyakuta humo yalinishangaza kwanza kama mwanafunzi wa isimu. Ibada yetu ina Kiswahili zaidi ya kimoja. Biblia ambayo wengi wetu tunaisoma, ile ya Toleo la Muungano iliyotoka nzima mwaka 1952, imeandikwa kwa Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928. Ni lugha tunayoielewa bila kuizungumza. Mhubiri mgeni akija, hasa akiwa na shahada, huhubiri kwa Kifaransa, na mkalimani husimama kando yake akigeuza sentensi kwa sentensi. Mkalimani mzuri ana umaarufu wake; wako wanaosema wazi kwamba wanamwelewa mkalimani kuliko mhubiri, na kwamba mara nyingine mahubiri yake ni mazuri zaidi. Mashi, Kirega, Kifuliiru na Kibembe huingia katika nyimbo za sifa na katika kilio. Kwa sababu sisi sote tulitoka sehemu mbalimbali, hakuna hata moja kati ya lugha hizo inayoweza kubeba ibada nzima.

Matangazo peke yake ndiyo husemwa kwa Kiswahili chetu cha kila siku, cha Bukavu. Ninaandika mfano, bila jina la mtu:

"Mama Fulani wa selula ya juu, Mungu amemukumbuka, amepata mutoto mwanamuke. Bangali ku lopitali. Bamama tunaombwa tupitie kule, na tusiende mikono mitupu."

Mwalimu wa sarufi atapata hapa kazi ya saa nzima. Sentensi ya kwanza inaanza kwa lugha ya kanisani: Mungu ndiye mtendaji, na kuzaa ni kukumbukwa. Ya pili inashuka mtaani: kiambishi cha nafsi ni ba- badala ya wa-, na mahali panaonyeshwa kwa ku. Ya tatu ina jambo ambalo nimelipenda kuliko yote. Anayesoma ni mwanamume, tena mzee, naye anasema "bamama tunaombwa". Hakuna anayecheka wala anayemsahihisha. Katika mahubiri utasikia "ninyi" na "wewe", maana mhubiri ametumwa kwetu. Katika matangazo nafsi ni "sisi" karibu kila mara, hata pale ambapo sarufi inakataa. Yule anayetangaza ni mmoja wa wale wanaotangaziwa.

Tangazo la msiba lina umbo lake pia: "Tuko na huzuni ya kuwatangazia ya kama baba yetu Fulani ametutangulia. Kilio kiko kwake, chini ya mashine ya unga. Tutazika kesho. Bavijana batabeba viti." Kiunganishi "ya kama", ambacho walimu wetu wa sekondari walikuwa wakikifuta kwa wino mwekundu na kuandika "kwamba", ndicho kinachobeba habari nzito kuliko zote tunazopeana. Neno "kufa" halitamkwi. Neno "viti" linatamkwa daima, kwa sababu msiba wa kwetu unaanza na viti: benchi za kanisa hutoka mlangoni siku hiyohiyo, zikishuka mteremko juu ya vichwa vya vijana, na mtaa mzima unajua kwamba kuna mtu ameondoka hata kabla haujajua ni nani.

Angalia pia hiyo "chini ya mashine ya unga". Mtaa wetu umejengwa haraka, na hakuna anwani ambayo mgeni angeweza kuifuata. Majina ya mahali yalitengenezwa na watu, na mimbari ndiyo iliyoyasambaza. Katika madaftari nimeona mahali pamoja pakiitwa kwa maneno marefu, "ku ule muti wa avoka karibu na nyumba ya mwalimu", kisha baada ya muda "ku muti wa avoka", na mwishowe "ku Avoka" tu. Mti wenyewe ulikatwa zamani. Madereva wa pikipiki wanaopeleka abiria "ku Avoka" leo hawajawahi kuuona. Wanaochunguza majina ya mahali hutafuta ramani za zamani. Sisi tuna madaftari ya katibu.

Halafu kuna miaka ya vita. Mwezi wa kumi 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, na wagonjwa na wauguzi wakauawa vitandani na majumbani mwao. Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste wa hapa Bukavu, ndiye aliyekuwa akiiongoza. Baadaye, mwaka 1999, akaanzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 dunia ikamjua kwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hayo yanafahamika. Kisichofahamika ni namna mtaa unaoizunguka hospitali hiyo ulivyopokea watu. Vijiji vya Walungu, vya Shabunda, vya Kalehe vilikuwa vinakimbilia mjini. Katika madaftari ya miaka ile, neno "wakimbizi" ni la nadra sana. Kilichoandikwa ni hiki, Jumapili baada ya Jumapili: "Tumepata bageni." Wageni kutoka Shabunda, familia moja, watoto wengi, mwenye chumba ajitokeze. Wageni kutoka upande wa Bunyakiri, mama ana kidonda, mwenye nguo za watoto asisahau. Mgonjwa ameletwa hospitalini bila ndugu wa kumlinda. Wamama wa selula ya chini watapika Jumatatu, wa juu watapika Jumanne.

Nilimuuliza katibu kama alichagua neno hilo kwa makusudi. Alinijibu kwamba hakuchagua kitu. "Mukimbizi unamupeleka kwa viongozi," alisema. "Mugeni unamupeleka nyumbani." Katika darasa la semantiki tulitumia wiki kadhaa kueleza tofauti kati ya maneno yanayotaja mtu mmoja kwa njia mbili. Sikuwahi kupewa mfano ulio wazi kuliko huo, na nyuma yake kuna watu waliolala ndani na wengine ambao wangelala nje.

Si kila ukurasa unafurahisha. Kuna aina ya tangazo ambalo sikuweza kulisoma bila kuinama. Msichana alipopata mimba kabla ya ndoa, jina lake lilisomwa mbele ya wote: amewekwa chini ya nidhamu, hatashiriki meza ya Bwana, hataimba katika korali. Jina la mvulana halikuandikwa, isipokuwa mara chache, na tena kama alikuja mwenyewe kuungama. Ninamjua mmoja wa wasichana hao, sasa ni mama wa nyumba na ana biashara yake ya vitenge. Alisimama siku ile kati ya sauti ya pili na sauti ya tatu, amevaa sare, akasikia jina lake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Anasali mahali pengine. Nilipomwambia kwamba ninaandika juu ya matangazo ya kanisa letu, alininyamazia muda mrefu, kisha akaniambia: "Andika ya kama nilikuwa na miaka kumi na saba."

Vilevile kuna matangazo ya pesa. Zamani michango ya ujenzi ilisomwa kwa jina na kiasi, kutoka aliyetoa nyingi hadi aliyetoa kidogo. Aliyetoa kidogo alijua kwamba jina lake litakuwa la mwisho, na wako walioacha kuja Jumapili ya kusomwa kwa orodha. Kwa hiyo wanaosema kwamba matangazo yanaumiza hawasemi uongo. Neno lililosemwa mbele ya wote lina nguvu, na nguvu hiyo haijui kuchagua kati ya kubeba na kuangusha. Sisi ndio tunaochagua.

Sasa nafika kwenye mpango wenyewe. Ibada yetu ni ndefu. Mtu anaingia saa tatu na anatoka mchana, na matangazo yanakuja mwishoni, wakati watoto wamekwisha kulia na jua limekwisha kupasha mabati. Vijana, na hasa sisi wanachuo, tumelalamika. Komite ilitusikia, na uamuzi wake haukuwa wa kijinga: matangazo makubwa matatu tu yasomwe, na mengine yote yatumwe katika kundi la WhatsApp la kanisa, kwa Kifaransa na Kiswahili sanifu, ili yaonekane vizuri. Walisema tutajaribu kwa miezi michache. Wiki za kwanza tulifurahi. Tulitoka mapema, na ujumbe ulikuja Jumamosi usiku ukiwa na picha ya maua.

Kisha akafariki mama mmoja wa wale waliobeba mawe. Alikufa Jumatatu, akazikwa Jumatano. Habari ilitumwa saa ileile katika kundi, pamoja na mahali pa kilio na saa ya kutoka. Watu wengi walikuja. Rafiki yake wa tangu siku za shitingi, ambaye walikuwa wakiimba naye sauti moja na kuchanga naye likilimba moja, hakuja. Anauza makala ya kupikia sokoni na hana simu ya kupokea mambo hayo. Alisikia Ijumaa, kwa mteja.

Jumapili iliyofuata aliomba nafasi. Kwetu mtu yeyote anaweza kuomba nafasi wakati wa ushuhuda, na wazee hawakuweza kumkatalia. Alisimama na kitambaa chake mkononi. Hakupiga kelele. Alisema: "Banasema kanisa ilimuzika. Kanisa gani, na miye sikukuwako?" Akakaa.

Nimelirudia swali hilo mara nyingi kuliko nadharia yoyote niliyofundishwa. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba kuna maneno ambayo kuyatamka ni kutenda: kuahidi, kubatiza, kufungua mkutano. Sisi huyachukulia matangazo kama taarifa tu, na taarifa inaweza kupita njia yoyote, kwa sauti au kwa simu, mradi ifike. Mama muuza makala ametuonyesha kwamba tangazo ni tendo. Likisemwa kanisani, ninasikia mimi, ninaona kwamba wewe umesikia, nawe unaona kwamba mimi nimekuona. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kusema "sikujua". Deni limezaliwa mbele ya mashahidi. Ujumbe wa simu unafika kwa kila mmoja peke yake. Anaweza kuusoma akiwa kitandani, akasikitika kweli, akaendelea kulala. Na asiye na simu hakukosa habari peke yake. Amekosa kuhesabiwa. Alisali nasi miaka yote hiyo, na siku moja, bila mtu yeyote kukusudia, hakuwa tena na jibu kwa swali la "unasali wapi".

Wenzangu wa korali ya vijana wananiambia kwamba ninapigania uvivu wa zamani, na kwamba kila bibi ana mjukuu mwenye simu. Ni kweli kwa wengi. Lakini mjukuu huyo yuko shuleni, au yuko Goma, au ameishiwa megabaiti. Wananiambia pia kwamba Kiswahili cha katibu si kizuri, kwamba wageni wanacheka wakisikia "ya kama" na "bamama tunaombwa" mbele ya mimbari. Hapo siwezi kukaa kimya, maana ndiyo kazi tuliyokuja kuisomea. Tumepitia miaka darasani tukijifunza kwamba kila lahaja ina sarufi yake kamili. Kisha tunatoka na kuionea aibu ile ambayo mama zetu walitumia kuwapatia wageni vyumba. Ujumbe wa WhatsApp kwa Kiswahili sanifu uliandika "waumini wanaarifiwa". Nafsi ya tatu, mtendwa asiye na mtenda. Hakuna kosa hata moja katika sentensi hiyo, na hakuna mtu hata mmoja ndani yake.

Mimi ninapendekeza jambo la kawaida kabisa. Vifo, vizazi, wagonjwa na wageni vitangazwe kwa sauti, kwa lugha tunayoizungumza, na vitangazwe mapema, kabla ya mahubiri, wakati watu bado wana masikio. Kifo kikitokea katikati ya juma, kila selula imtume kijana apige hodi kwa wasio na simu. Miguu hiyo ndiyo iliyokuwa ikibeba viti. Mikutano ya komite, ratiba za mazoezi, semina na saa za salongo ziende kwenye simu, nasi tutatoka mapema kidogo. Majina na kiasi cha michango yabaki kwa mweka hazina. Na majina ya wasichana yasisomwe tena kamwe, wala kwa sauti wala kwa simu. Kama ni lazima kuzungumza nao, wamama wawili na chumba chenye mlango vinatosha.

Komite haijaamua. Katibu anaendelea kusoma matatu yake kila Jumapili, lakini tangu siku ile ya mama muuza makala nimeona kwamba tangazo lake la tatu limekuwa refu kidogo, na ndani yake huingia la nne na la tano.

Neno langu la mwisho ni kwa wanafunzi na walimu wa fakilte. Kila mwaka tunatafuta mada, na kila mwaka tunarudia vitabu vilivyoandikwa mbali juu ya Kiswahili cha mbali. Katika makanisa ya mitaa yetu, ya namba zote, na katika mashirika ya Wakatoliki vilevile, kuna makatibu wenye madaftari. Humo mna Kiswahili cha Kongo kilichoandikwa na watu wasiojua kwamba wanaandika historia, wiki kwa wiki: jinsi kinavyotaja kifo, pesa, mahali na mgeni. Sisi tumeanza kunakili ya kanisa letu, mimi na wenzangu wawili, tukiwa tumekubaliana na katibu kwamba kurasa za nidhamu hatutazinakili kwa majina. Kazi ni ya haraka. Mfuko wa unga unakaa chini ya bati linalovuja, na daftari la kwanza kabisa, lile la siku za shitingi, limekwisha kupoteza nusu ya kurasa zake. Kwenye ukurasa wa mwisho unaosomeka bado mtu anaweza kuona neno "mawe", na chini yake majina ya wamama kumi na mmoja. Tumeanzia hapo.